Mwenye brashi hufika mwisho

Nyumba mpya ina harufu yake. Watu wakija kukabidhiwa funguo huivuta kwa nguvu, wanatabasamu, wanaambiana, "Eeh, mpya kabisa!" Mimi huwa pembeni naosha brashi zangu, nimenyamaza. Harufu ile ni yangu. Wanachonusa ni rangi niliyopaka juzi, na kuhusu nyumba yenyewe pua haijawaambia kitu.

Kazi yangu ni kupaka rangi, mwaka wa 17 sasa. Nilianza nikiwa mshika ngazi wa fundi mwingine, nikajikusanya hadi nikawa na ngazi zangu, ndoo zangu na vijana wangu wawili. Kwenye ujenzi wa nyumba mimi ndiye wa mwisho kufika. Mchimba msingi ameshaondoka, mwashi ameshaondoka, fundi wa paa, wa bomba, wa umeme, wa vigae, wote wamelipwa au wanadai, lakini wamekwenda. Nabaki mimi na kuta zao. Kwa hiyo nyumba mpya naziona kwa namna ambayo mwenye nyumba hazioni: nimezisogelea hadi pua inakaribia kugusa plasta, chumba baada ya chumba, na tochi nimeilaza ukutani.

Nianze na hiyo tochi. Mchana, mwanga ukiupiga ukuta kutoka mbele, kila ukuta umenyooka. Ngoja giza liingie, zima taa ya darini, chukua tochi uiegemeze ukutani ili mwanga utambae juu ya plasta. Hapo ukuta unavuliwa nguo. Utaona mabonde na matuta, utaona mahali mwiko uliposimama fundi alipokwenda kula, na mstari wa pale karai moja lilipoishia na jingine likaanza wakati la kwanza limeshakauka. Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja sebule yake kwa tochi. Alikaa juu ya ndoo yangu, akaniuliza kama kuna rangi ya kuficha hayo. Ipo, nikamwambia, ni ile isiyong'aa kabisa. Inayong'aa inatangaza kila kitu. Tangu siku hiyo simwashii mtu tochi mpaka aniombe mwenyewe.

Ujenzi una tabia ya kufunikiana. Mwashi akiipuuza timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, ukuta ukalala sentimita mbili tatu kutoka chini hadi juu, hasemi. Mpiga plasta atanyoosha. Mpiga plasta anakuta ukuta umelala, analazimika kuujaza, basi upande mmoja plasta inakuwa milimita 12 na upande wa pili 40, yote kwa mkupuo mmoja. Plasta nene hivyo ikipigwa mara moja hulemewa na uzito wake, ikaachana na tofali kwa nyuma, ikapasuka. Naye hasemi, mpiga skimu, yule wa tabaka jembamba la kulainisha, atafunika. Mpiga skimu anaziba nyufa, anapiga msasa, ukuta unakuwa laini kama sahani. Hasemi, rangi itamalizia. Ndipo nafika mimi, na nyuma yangu hakuna mtu. Kitakachotokea baada ya hapo, chochote kile, kitaitwa "rangi mbovu".

Ndiyo maana kabla sijafungua ndoo hata moja, nagonga. Nagonga kwa kifundo cha kidole, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Plasta iliyoshika hujibu kwa sauti fupi, ya kitu kizima. Iliyoachana na tofali hulia kama debe tupu, na hapo nazungushia penseli. Vigae navyo vivyo hivyo, ila kwa vigae natumia sarafu: iburute polepole uisikilize. Kuna mafundi wanaoweka matonge matano ya gundi, pembeni manne na moja katikati, halafu kigae kinabandikwa juu yake. Kwa macho humkamati. Sarafu inamkamata, kwa sababu katikati ya matonge pana hewa, na mlio unabadilika. Siku mguu wa kitanda au wa ngazi yangu ukikanyaga penye hewa, kigae kinapasuka. Halafu naambiwa ni ngazi yangu iliyokivunja, na kwa hilo siwezi kubisha.

Watu wakilaumu nyumba mpya husema kilichoibwa ni simenti. Hutokea. Nimekwangua plasta kwa ukucha ikamwagika kama sukari. Lakini kwa kuta nilizogusa mimi, kinachoibwa zaidi ni siku.

Hapa wengi tunajichanganya. Tunasema zege "limekauka", kana kwamba ni shati lililoanikwa. Simenti haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuungana na maji: chembe zake zikipata maji huota vijisindano vidogo mno ambavyo hushikana vyenyewe na kushika mchanga na kokoto, na kazi hiyo huendelea kwa majuma. Zege la kawaida lililotunzwa huwa na kama theluthi mbili ya nguvu yake siku ya 7, na wahandisi hulipima siku ya 28. Ukiliacha juani tangu siku ya pili bila kulimwagilia, maji yanapaa, kazi inakatika njiani, na juu panabaki unga unga unaofuata ufagio kila siku. Utawasikia wenye nyumba wakisema sakafu yao "inatoa vumbi" hata waifagie vipi. Vumbi hilo ndiyo sakafu yenyewe.

Kuna maji mengine, ambayo ni adui: yale yanayoongezwa kwenye mchanganyiko ili koleo liteleze. Mfuko wa kilo 50 hutosheka na lita 25 hivi, na mchanga uliolowa unakuja na sehemu ya maji hayo tayari. Mwaka 1918, kule Chicago, mtafiti Duff Abrams alichapisha matokeo ya majaribio yake mengi ya zege, akaonyesha kwamba kadiri maji yanavyozidi yakilinganishwa na simenti ndivyo nguvu inavyopungua. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado namwona kijana anamimina ndoo nzima bila kupima kwa sababu msimamizi amepiga kelele kwamba mchanganyiko ni mgumu. Maji yaliyozidi hayana cha kuungana nacho. Yanajipenyeza, yanapaa, yanaacha vijitundu visivyoonekana, na mvua ya miaka ijayo itapitia humo humo hadi kwenye nondo.

Kwa muda nilifanya kazi nyuma ya mwashi mmoja mzee, wa zile enzi za kuweka penseli sikioni. Alikuwa ananiita mwanangu, na alikuwa ananichosha. Siku ya kumwaga linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha au mlango, au mkanda unaozunguka kuta zote, huandika tarehe kwa mkaa pembeni yake, tarakimu kubwa, na hakuna mtu wa kugusa mbao za chini mpaka atakaposema yeye. Asubuhi na jioni anapita na kopo lililotobolewa matundu, ananyeshea zege na tofali kama anayenyeshea kitalu cha miche. Hata siku za mapumziko alikuja. Kuna msimamizi aliyemcheka akamuuliza kama anasubiri ziote. Mkaa wake ulikuwa unanichafulia rangi nyeupe, ukipaka mara ya kwanza unatokeza kijivu, na mimi nilikuwa namnung'unikia kila mara, "Mzee, tumia chaki basi." Hakutumia. Nimepita kwenye nyumba zake kadhaa baadaye, kwa kazi za kupaka upya. Juu ya madirisha hakuna ufa wa kuingiza wembe.

Siku zikiibwa mwanzoni, deni linakuja kwangu. Nyumba ya tofali na zege inapomalizika ina maelfu ya lita za maji ndani ya kuta na sakafu zake, na maji hayo lazima yatoke. Yakikuta rangi imetangulia, yanatoka na rangi. Yakikuta chumvi njiani, iwe ya mchanga au ya tofali, yanaisukuma hadi usoni, na unaona unga mweupe mwepesi kama sufi umeota ukutani. Wengi huuosha kwa maji. Usiuoshe, utayeyuka urudi ndani na kesho utakuja tena. Unaupiga brashi ukiwa mkavu, unaondoka, unarudi wiki ijayo kuupiga tena, mpaka ukome.

Kuupima ukuta unyevu hakuhitaji mashine. Kata kipande cha nailoni nyepesi, nusu mita kwa nusu mita hivi, ukibandike ukutani kwa utepe pande zote nne kisipitishe hewa. Kiache usiku kucha, saa 16 hivi zitimie. Ukikibandua ukakuta upande uliotazama ukuta una matone, au plasta imekuwa nyeusi kuliko majirani zake, ukuta bado unatoa maji. Ukikuta pakavu, endelea. Nailoni na utepe, basi. Na bado ni kitu ambacho hakuna anayetaka kukiona siku ya makabidhiano ikikaribia.

Sasa niseme lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Miaka kadhaa nyuma nilichukua kazi ya nyumba ambayo tarehe ya kukabidhi ilishatangazwa. Ilikuwa Ijumaa. Mimi nimeingia Jumatatu. Chumba cha nyuma, ambacho kilikusudiwa watoto, kilikuwa kimepigwa plasta siku tisa kabla. Nikaweka kiganja ukutani asubuhi, ukuta baridi kama mtungi. Sikuhitaji hata nailoni. Nikamwita mkandarasi, nikamwambia huu bado, nipe angalau wiki tatu, nne zikipatikana ndiyo vizuri, vingine nivimalize hiki kibaki. Akacheka. "Dada, wewe paka tu. Mengine niachie mimi." Halafu akaongeza kwamba mwenye nyumba anataka rangi ya mafuta nusu ya chini, ya kufutika, kwa ajili ya mikono ya watoto.

Plasta mbichi ya simenti ina ukali wa aina ya magadi, ukali wa kuchubua vidole, kila mpiga plasta anaujua mikononi mwake. Rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo pamoja na maji, mafuta yaliyomo hugeuka sabuni. Ni sabuni kweli, si mfano. Hilo nililijua tangu nikiwa mshika ngazi. Nilijua, na Jumatano nikapaka. Nilikuwa na kodi ya kulipa na vijana wawili wa kuwalipa, na mkandarasi alikuwa na nyumba nyingine tatu alizokuwa ananizungumzia kwa sauti ya mtu mwenye peremende mfukoni. Alhamisi nikapaka mara ya pili. Ijumaa chumba kile ndicho kilichosifiwa kuliko vyote.

Ikapita miezi miwili na ushee. Mama mwenye nyumba akanipigia, namba yangu ilikuwa kwenye ndoo iliyobaki. Hakufoka. Alisema tu, "Njoo uone." Nilipofika alinipitisha moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akasukuma kabati kwa bega. Nyuma yake ukuta ulikuwa umetota, madoadoa meusi ya kuvu yamepanda hadi kimo cha kiuno, na rangi imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nikaigusa, ikanata kidoleni, ikateleza. Kwenye rafu ya chini ya kabati kulikuwa na viatu vidogo vya shule, vimeota ukungu wa kijani kwenye mshono. Mtoto alikuwa amehamishiwa kulala sebuleni kwa sababu ya kikohozi.

Akaniuliza swali moja: "Ulijua?"

Ningeweza kusema mkandarasi. Ningeweza kusema plasta, mvua, kabati limebanwa ukutani bila nafasi ya hewa, na lote lingekuwa kweli. Nikasema nilijua.

Hakunijibu. Akatoka, akarudi na kikwangulio cha mumewe, akakiweka juu ya kabati, akaenda jikoni.

Nilikwangua siku mbili, mpaka kwenye plasta tupu. Kisha nikawaambia wafungue madirisha na waache ukuta wazi, na mimi nikawa napita kila Jumamosi na nailoni yangu. Juma la tano kuta tatu zilikuwa kavu. Wa nne, wenye dirisha, bado ulitoa matone, daima chini ya pembe ya kushoto. Nikatoka nje nikaangalia. Kizingiti cha dirisha kilikuwa kimelala kuelekea ndani badala ya nje, kwa kiasi ambacho usingekiona bila pimamaji. Na chini yake, pale kinapochomoza mbele ya ukuta, hapakuwa na ule mfereji mwembamba wa upana wa kidole unaokata tone la maji. Mfereji ule ni kitu kidogo sana. Maji yakitiririka juu ya kizingiti hupenda kugeuka chini yake na kurudi ukutani kwa kunata. Yakikuta mfereji yanashindwa kuuvuka, yanadondoka. Mwashi anauchora kwa msumari na kipande cha ubao dakika kumi kabla zege halijashika. Hizo dakika kumi hazikutolewa. Kwa hiyo hata ningesubiri wiki nne zangu, ukuta ule ungenishinda, na nisingejua kwa nini.

Mkandarasi hakupokea simu. Kizingiti kilirekebishwa na mwashi aliyetafutwa na mama mwenyewe. Rangi na praima ya kuzuia ukali wa simenti nilinunua mimi. Siandiki hili nionekane mwema. Nililipa ndoo tatu. Mtoto alilipa miezi miwili ya kukohoa.

Baadaye, katika kusoma soma, nikakutana na sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, za miaka karibu 1750 kabla ya Kristo. Mjenzi aliyejenga nyumba ikaanguka ikamuua mwenye nyumba, mjenzi naye auawe. Watu hupenda kuitaja hiyo kwa sababu inatisha. Mimi nilivutiwa na nyingine iliyo karibu nayo, ya utulivu zaidi: ukuta ukilegea, mjenzi auimarishe kwa fedha yake mwenyewe. Miaka karibu 3,800, na ugomvi ni ule ule, ukuta na nani alipe. Mpaka rangi sikumkuta mle. Nilitafuta.

Tangu nyumba ile nina daftari. Kila chumba kabla ya brashi kugusa kitu, naandika tarehe ya plasta kama kuna anayeikumbuka, nachora nyufa, napiga picha mahali penye mlio wa debe, na mwenye nyumba anaona, si mkandarasi peke yake. Kwa sababu hiyo wapo wakandarasi watatu ambao hawanipigii tena. Mmoja alinieleza wazi kwamba mimi ni fundi rangi mwenye maneno ya mhandisi. Sawa.

Nyufa ndizo zinazoleta maswali mengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Vijiufa vyembamba vilivyotawanyika kama ramani ya mito, visivyoshika hata ukucha, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Vinaudhi macho lakini nyumba haiendi popote. Ufa ulionyooka unaopanda wima kutoka kwenye swichi ni wa fundi umeme: alichimba mfereji wa bomba la waya, akaujaza mchanganyiko juu juu bila kuloanisha wala kuweka wavu. Ufa wima pale tofali linapokutana na nguzo ya zege ni wa vitu viwili vinavyojinyoosha na kujikunja kwa namna tofauti, na wavu mwembamba chini ya plasta ungeuzuia. Hizi zote naweza kuishi nazo.

Ninazoogopa ni mbili. Ya kwanza inaanzia pembe ya dirisha au mlango na kupanda mshazari. Mara nyingi linta ni fupi, imekalia tofali kwa sentimita chache badala ya 15 au 20 kila upande, au iliondolewa mbao mapema. Ya pili inashuka kama ngazi, inafuata viungo vya tofali, pana juu na nyembamba chini au kinyume chake. Hiyo msingi unazungumza. Ukiikuta, usimwite mpaka rangi. Chukua penseli, weka alama ndogo pale ufa unapoishia kila upande, andika tarehe pembeni, pima upana wake. Rudi baada ya mwezi. Ufa uliobaki ndani ya alama zake ni wa zamani, ulishamaliza kusema. Uliozivuka unaendelea, na ukizidi milimita 5 hapo mhandisi anahitajika, na mimi nakunja ngazi. Tatizo ni kwamba nyufa hizi kwenye nyumba ya kuuza zinazibwa siku moja kabla hujafika, na anayeziba ni mtu kama mimi. Ukiona ukuta mmoja umepakwa upya na mingine mitatu haijaguswa, uliza.

Dada yangu alipotaka kununua nyumba iliyomalizika aliniomba twende wote. Nilimwambia tusubiri mvua. Akaona nachelewesha, ila tukasubiri, tukaenda inanyesha, na muuzaji hakufurahi. Mvua ina mambo mengi ya kukuambia kwa nusu saa: mahali maji yanaposimama nje, kama yanakimbia nyumba au yanaijia, kama plasta ya nje imegusana na udongo moja kwa moja ikavuta unyevu kama utambi, kama bati lina tundu la msumari uliokosewa ukang'olewa. Bafuni tulimwaga ndoo ya maji mbali na tundu tukatazama. Sakafu inayoteremka sentimita moja kwa kila mita huyapeleka yote, na ile iliacha dimbwi nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu angekanyaga kila asubuhi. Harufu ya mfereji ilikuwepo kwenye sinki moja. Nikainama: bomba lilishuka moja kwa moja, bila ule mkunjo unaobaki na maji ya kuziba hewa ya chooni. Umeme sikuugusa, si kazi yangu, nilimwambia atafute fundi apime kama waya wa ardhi umefika kweli kwenye soketi au matundu yale matatu ni pambo.

Halafu nikafanya kile ninachokifanya kila mahali na ambacho dada yangu ananicheka mpaka leo. Nikachukua kiti, nikapanda, nikapitisha kidole juu ya mlango, kwenye ule ukingo wa juu ambao hakuna anayeuona. Ubao mtupu. Haukupakwa chochote. Ukingo wa chini tukautazama kwa kioo cha mkoba wake, nao mtupu. Mlango wa mbao unavuta unyevu kwenye kingo hizo kuliko mahali popote, kwa sababu ndipo nyuzi za mbao zilizokatwa zinapokaa wazi. Unavimba, unakwama, mtu anauranda, kiangazi unapwaya. Kuzipaka ni dakika tatu, kama unazipaka kabla mlango haujafungwa kwenye bawaba. Kwangu mimi ukingo wa juu wa mlango unatosha kunieleza aliyejenga nyumba alikuwa mtu wa namna gani pale alipojua hatazamwi. Dada yangu alinunua, akapunguziwa, na milango yote saba niliishusha mimi.

Hivi ninavyoandika nina nyumba ya vijana wawili waliooana juzi juzi, ya kwanza kwao. Wanahamia Jumamosi, au ndivyo walivyoambiwa. Vyumba vimekwisha, sebule imekwisha. Imebaki korido, ukuta wa upande usiopata jua, ambao bomba la maji ya bafuni linapita ndani yake. Leo saa kumi na moja jioni nimebandika nailoni. Msimamizi akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni.

"Hiyo nini tena?"

"Nailoni."

"Naiona ni nailoni. Ya nini?"

Nikamwambia ya nini. Akatazama saa yake, akatazama ukuta, akasema wenye nyumba wanakuja kesho saa nne kuangalia, na anataka wakute korido nyeupe. Nikamwambia kesho saa tatu asubuhi nitakuwa hapa kuibandua, na yeye awepo, na kama wanaweza wao nao waje saa tatu. Akaondoka bila kusema ndiyo. Nimewatumia ujumbe vijana wale mwenyewe. Mume amejibu kwa alama ya kidole gumba. Mke ameuliza waje na nini, nikamwambia tochi.